Tundu la Hedfoni

Mwanangu Nasra,

Najua umeshacheka. Neno hilo la mwanzo limetosha kukuchekesha. Cheka umalize, kisha funga mlango, kaa kitandani, usome mpaka mwisho. Sina hakika kama ningeweza kuyasema haya kwa mdomo, na basi la kukupeleka chuoni Salalah kesho asubuhi halitasubiri mimi nijikusanye.

Alasiri imeshasaliwa na nyumba imenyamaza. Bibi na mama yako wamekuchukua Hamriya kuwaaga jamaa, na mimi nimewaambia nina kazi ya shule. Sina. Nimekaa kwenye meza yetu, katikati ya kitanda chako na changu, begi lako liko wazi miguuni pangu.

Mambo ya kukuagiza sitayagusa. Bibi ameshakutia mablanketi matatu, utadhani Salalah iko Ulaya. Mama yako amekuandikia karatasi ya dawa, kila ugonjwa na kidonge chake. Mimi nataka kukuandikia juu ya kile kibao cha kuchanganyia nyimbo kilichokuwa kimefungwa shuka juu ya kabati, ambacho hujakigusa tangu harusi ya Ibtisam. Unaondoka ukiamini kwamba huna masikio ya muziki. Si kweli, Nasra. Nilijua si kweli siku ile ile ya harusi, na sababu ya yaliyotokea niliijua tangu tuko dukani.

Mtu asiyetujua angeuliza vipi msichana wa miaka kumi na saba awe na mtoto wa miaka kumi na minane. Kwetu haulizi mtu. Mama yako ni mzaliwa wa kwanza wa Bibi, mimi ni wa mwisho, na wewe ukazaliwa miezi tisa kabla yangu. Ukanitangulia kutambaa, ukanitangulia kusema, ukanitangulia kila kitu isipokuwa cheo. Cheo nilipewa mimi. Unakumbuka Bibi alivyokuwa akikushika bega asubuhi kabla ya basi la shule?

"Mpe shikamoo mama yako mdogo."

"Bibi, huyu? Jana nimemfunga kamba za viatu!"

"Hata ungemzaa. Mdogo wa mama yako ni mama yako. Haya, toa shikamoo, basi lile linakuja."

"Shikamoo, Mamdogo," ukasema huku umenitolea ulimi, na mimi niliyekufika begani nikaitika marahaba kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Nyinyi mlilichukua kama mchezo. Mimi sikulichukua hivyo. Nilikuwa mtoto wa kujifungia na vitabu, sina maneno mbele za watu, na kile cheo kilikuwa kitu pekee nilichopewa bila kukishindania na wewe. Nikajiambia mzazi ni mtu anayejua zaidi. Basi nikaamua kujua zaidi. Darasani nilikuwa mbele, nyumbani nilisoma hata karatasi zinazokuja na dawa na mashine ya kufulia. Na muda wote huo nilidhani ninakulea.

Halafu ikaja siku ya hina ya binti wa jirani. Tulikuwa na miaka kumi na minne, au wewe kumi na minne na mimi kumi na tatu, tusianze tena. Radio ya kaseti mbili ilikuwa imewekwa juu ya kigoda, na yule aliyepewa kazi ya kubadilisha kaseti alikuwa anaacha kimya kirefu kila wimbo ukiisha, wanawake wanakaa chini, wanaanza kuzungumza habari za bei ya samaki. Ukamwambia asogee. Ukapiga magoti, kidole kimoja huku na kimoja kule, sikio umelilaza juu ya spika. Wimbo wa kwanza haujakwisha, wa pili umeshaingia chini yake kama mtu anayeingia msikitini kwa adabu, na hakuna aliyejua umeingia mpaka miguu ilipokuwa imeshaufuata. Hakuna aliyekaa tena chini. Bibi yako, na magoti yake yale, alisimama.

"Huyu ana masikio, wallahi," akasema. "Masikio ya babu yake."

Mwanamke mmoja akauliza, "Na huyu aliyekaa pale kwenye viatu?"

Bibi akanitazama nilivyokaa na kitabu changu mlangoni. "Huyo ana macho," akasema. "Ya kusomea."

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Bibi hakukusudia ubaya, na pengine alikuwa ananisifu. Lakini nilikwenda nalo nyumbani neno lile na nimeishi nalo tangu siku hiyo. Ulilala usingizi mzito, hina imekukauka viganjani, na mimi niko kitanda cha pili nakutazama masikio. Yalikuwa masikio ya kawaida tu. La kushoto lina alama ya tetekuwanga. Nilikuwa nataka kujua kuna nini mle ndani ambacho mimi sikupewa.

Huo ndio wivu wangu, na nataka uujue kwa jina lake. Sikuchukia uzuri wako wala marafiki zako. Niliona wivu kwa kile kidole chako juu ya radio, na kwa Bibi alivyosimama. Mimi nimepata nambari ya kwanza mara nne, na Bibi hakuwahi kusimama kwa cheti.

Kisha wakaanza kukuita. Hina ya huyu, arubaini ya mtoto wa yule, kumuaga binti anayehamia Dubai. Wanaume hawaingii kwenye shughuli za wanawake, fundi wa spika hufunga nyaya zake na kutoka, na wanawake wanaojua kupiga muziki ni wachache mjini, wakubwa, wenye maringo. Wewe ulikuwa mtoto wa nyumba, unajua taarabu, unajua nyimbo za Kiarabu za Khaliji, unajua za Bongo, unajua lini kinamama wamechoka na lini wasichana wamechoka na kinamama. Mama yako akaona hii radio ya kaseti itakuaibisha sasa. Akasema atatoa bangili yake moja ununuliwe vyombo vya maana. Nakumbuka maneno yake hasa, kwa sababu yalinipandisha cheo.

"Lakini usikurupuke. Muulize mama yako mdogo. Yeye ndiye anayesoma."

Miezi miwili iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote niliyoishi na wewe. Nilikwenda duka la intaneti pale Ruwi kila Alkhamisi, nikachapisha kurasa, nikaandika daftari zima. Jioni tulikaa kitandani, wewe umelala kifudifudi, mimi nakueleza. Kwamba mashine mbili za santuri zinapendeza, lakini santuri za nyimbo zetu tutazipata wapi, na zile mashine za bei rahisi zinazungushwa na mkanda wa mpira, ambao kwa joto la huku hulegea na wimbo ukaanza kuburuta miguu. Kwamba mashine mbili za CD ni imara, hazigandi kama kompyuta, ila za rahisi nyingi hazina kile kitelezi cha kuongeza na kupunguza mwendo, na bila ya hicho nyimbo mbili haziwezi kutembea pamoja. Kwamba tunaweza kutumia laptop ya zamani ya mama yako, na kibao chenye magurudumu mawili kinachochomekwa kwa waya mmoja tu, chepesi, hata kwenye kikapu kinaingia.

"Mamdogo," ukasema, "wewe duka zima liko kichwani."

Nilifurahi mpaka nikaona haya. Ulikuwa unanihitaji. Ulikuwa na masikio lakini hujui la kununua, na aliyekuwa anajua ni mimi.

Kulikuwa na ukurasa mmoja sikukuonyesha. Niliuweka wa mwisho, kama mtu anavyoficha kipande chake cha nyama chini ya wali. Ukurasa huo ulisema hivi: mpiga muziki husikiliza wimbo unaokuja kwenye sikio lake peke yake, huku ukumbi unasikia ule unaopigwa. Ili aweze hivyo, sauti lazima itoke kwa njia mbili. Laptop ya kawaida ina njia moja. Kibao kizuri kina kadi ya sauti ndani yake na tundu la hedfoni kwa mbele. Kibao kisichokuwa nalo ni magurudumu na taa tu. Nilipiga mstari chini ya maneno "tundu la hedfoni", kisha nikapiga wa pili. Nilikuwa nataka kukuonyesha pale pale dukani, mbele ya mama yako, muone wote wawili kwamba bila ya mimi mngepotea.

Siku ya kwenda, mama yako akaendesha, wewe ukakaa mbele, mimi nyuma na daftari mapajani. Tulipokuwa tunapita Wadi Adai ukapigiwa simu na rafiki yako Ibtisam.

"Ndiyo, tunakwenda kununua vyombo vyangu! Ndiyo, naye yupo, yuko nyuma. Ee, huyo ndiye fundi wangu wa vipimo." Ukageuka ukanikonyeza. "Harusi yako nakuja kamili, usiwe na wasiwasi. Na Mamdogo nishamwajiri, atanibebea nyaya!"

Mama yako akacheka. Ibtisam nikamsikia anacheka kwenye simu. Ulikuwa utani, Nasra, na mimi nilijua ni utani, na ungenifanyia huo huo siku nyingine ningekurushia kiatu. Lakini siku ile nilikuwa na ukurasa wangu wa mwisho mapajani, nimeubeba kama keki, na nikauona ulivyo: karatasi ya mbeba nyaya. Ningekununulia masikio juu ya masikio yako, kisha ningekaa pale mlangoni kwenye viatu.

Dukani kulikuwa na vibao viwili vilivyotumika. Kimoja cheusi, kidogo, kimechubuka pembeni. Kingine kikubwa, kina taa za buluu na nyekundu zinazokimbia. Bei zao zilikaribiana. Wewe na mama yako mkatoka nje kutazama spika. Yule Mhindi mwenye duka akaninong'oneza kwa Kiarabu chake cha dukani.

"Hiki cha taa hakina hedfoni, binti. Unataka hedfoni, unanunua kisanduku kingine. Hiki cheusi ndicho cha kazi."

"Najua," nikamwambia.

Ukaingia. Ukavitazama vyote viwili, ukanitazama mimi, na sijakuona ukimtazama mtu hivyo tena. "Kipi, Mamdogo? Useme wewe."

"Hiki cha taa," nikasema.

Mwenye duka akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Akaanza kutafuta mfuko.

Nitakuambia nilivyojidanganya, kwa sababu hilo ndilo nililojifunza na sikulisoma popote. Nilijiambia nitakuambia baadaye. Nilijiambia kisanduku kinaweza kununuliwa wiki ijayo. Nilijiambia kwamba taa zitawapendeza kinamama. Kila moja ya hizo ilikuwa kweli kidogo. Nilikuwa nadhani mtu mwenye wivu hununa, husema maneno makali, hujulikana. Kumbe nilikuwa mpole kuliko siku zote. Nilikubebea kibao mpaka garini.

Na bado nilikuwa na nafasi. Siku ya tatu ulinijia, umekunja uso, hedfoni shingoni.

"Mamdogo, hii hedfoni nichomeke wapi? Nitausikiaje wimbo wa pili kabla watu hawajausikia?"

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa mdomoni. Badala yake nikakwambia, "Wanaotumia kompyuta hawasikilizi. Wanaangalia ile mistari ya wimbo kwenye kioo. Ukiizoea utaona wimbo kabla ya kuusikia."

Ukaitazama ile mistari ya kijani inayopanda na kushuka. "Kwa macho?"

"Kwa macho."

Hilo ndilo nililokufanyia. Kibao kingesameheka, mtu hukosea kununua. Lakini nilikutoa kwenye masikio yako nikakuleta kwenye macho, kwenye eneo langu, ambako nilijua nitakushinda. Na wewe uliniamini, kwa sababu tangu utotoni umeambiwa mimi ni mama yako na mimi ndiye ninayesoma. Ukakaa wiki kadhaa unaangalia mistari. Nilikuwa nakuona bega limekupanda, ulimi umeubana kwa meno, mtu ambaye alikuwa anafanya hivi huku amefumba macho.

Ya harusi unayajua, lakini ngoja niyaseme kama nilivyoyaona nikiwa nyuma yako, maana kweli nilikuja kukubebea nyaya. Ukumbi umejaa, mlangoni wanakagua mikoba na kuchukua simu zenye kamera, na kwa muda wa saa nzima ulikuwa unakwenda, kwa shida, lakini unakwenda. Kisha mtu akapunga kitambaa cheupe kule mwisho. Bi harusi yuko tayari. Taa zikazimwa. Ulitakiwa uingize wimbo wa kumpokea.

Nyimbo zako nyingi ulikuwa umezinakili kutoka kwenye CD za watu, na kompyuta haikuwa na majina yake, ina nambari tu. Ukaangalia mistari. Ya nambari saba na ya nambari kumi na saba ilifanana. Kwa hedfoni ungesikiliza nusu dakika, wala nusu dakika hiyo usingeimaliza. Ukachagua kwa macho.

Mlango ukafunguka, Ibtisam akaonekana na shada lake, na spika zote nne zikatoa taarabu ya mipasho, ile ya kumcheka mwanamke aliyeokota mume aliyetupwa na mwenzake. Na ukumbi mzima ulijua kwamba bwana harusi alikuwa amemposa binti mwengine mwaka uliopita, na posa ikavunjika.

Kwa watu wengine lingekuwa kosa la kitufe. Kwetu wimbo hutumwa. Mama wa bwana harusi alisimama mbele pale kwenye makochi.

"Nani kaagiza nyimbo hii?"

"Bi Salha, ni makosa ya mtambo," mtu akasema.

"Mtambo una akili ya kuchagua hii? Mwambieni mama yake huyu binti, kama ana neno na mimi, anijie usoni. Asinitumie kwa spika!"

"Mimi?" akasema mama yake Ibtisam. "Mimi ndiye nimuaibishe mwanangu mwenyewe? Wewe mwenyewe una hamu ya kutafuta ugomvi tangu siku ya mahari!"

Ibtisam amesimama mlangoni na shada. Wewe vidole vimeganda. Nilinyoosha mkono nikachomoa waya, na kile kimya kilichofuata hukukisikia peke yako, mimi ninacho mpaka leo. Mtu akaanza kupiga vigelegele ili kuziba. Bibi yako ndiye aliyeanza, kisha akaanzisha kumsalia Mtume, wakaitikia, bi harusi akaingizwa kwa midomo ya watu kama zamani. Mama wa bwana harusi akabaki amesimama, hakumbusu bi harusi. Ibtisam mpaka leo hajakupigia simu.

Tulirudi kwa gari mpaka tukaiacha Wadi Adai. Halafu ukasema, "Mimi masikio sina, Mamdogo. Bibi alinidanganya."

Nasra, nataka ujue nilichohisi, kwa sababu barua hii bila ya hilo ni uongo mwengine. Nilihisi raha. Ilikuwa fupi, kama kumeza mate, lakini ilikuwa raha. Nikaiona na nikaogopa, kama mtu aliyeona nyoka ndani ya viatu vyake mwenyewe. Na huku naogopa, mkono wangu ulikuwa umeshafika begani kwako, na mdomo wangu unasema, "Kila mtu na kipaji chake. Huenda chako ni kingine."

Ukafunga kibao shuka. Ukajaza fomu ya chuo, ukachagua hesabu za biashara, wewe ambaye kuhesabu chenji unatumia vidole. Na kila jioni tangu siku ile hii nyumba haina nyimbo. Unapita jikoni, radio inalia, unaizima. Nilidhani nikikunyang'anya kile kitu kitabaki kitu, kitakuja kwangu. Hakikuja kwa mtu.

Alkhamisi iliyopita, ulipokwenda kushona abaya, nilimwomba mama yako anishushe Hamriya, nikamdanganya nataka vitabu. Mwenye duka la vibao alinikumbuka.

"Umerudi," akasema. "Dada yako alisikia vibaya?"

"Si dada yangu," nikasema. "Ni mwanangu."

Akacheka sana, akadhani Kiarabu changu kibaya. Akanipa kile kisanduku. Ni kidogo, ukubwa wa sabuni, kina matundu mawili nyuma na tundu moja la hedfoni mbele. Usiniulize pesa nilizipataje, bei yake nimeilipa mwenyewe.

Nilikuja nikakiunganisha na kibao hapa, mlango nimeubana kwa kiti. Nikavaa hedfoni zako. Wimbo mmoja unacheza chumbani, na mwengine ukaja kwenye sikio langu peke yangu, karibu kabisa, kama siri. Nikaelewa ulikuwa unatafuta nini ulipoweka sikio juu ya ile spika ya kaseti. Na nikajaribu. Kwa nini nisijaribu? Nimesoma daftari zima, najua kila kitelezi kinafanya nini, najua kuliko wewe. Nikazisukuma zile nyimbo mbili zikutane.

Zilikutana kama Bi Salha na mama yake Ibtisam.

Nikajaribu tena, mpaka adhana ya magharibi. Sijui ni kitu gani. Nazisikia zote mbili na siwezi kujua ipi iko mbele. Wewe unajua. Wewe ulijua ukiwa na miaka kumi na minne, kwa kidole, juu ya kigoda. Kwa hiyo sasa najua kwa masikio yangu mwenyewe kwamba Bibi alisema kweli, juu yako na juu yangu. Sitakudanganya kwamba wivu umekwisha. Nakuandikia hapa na bado unanichoma, na nadhani nitakaposikia siku moja kwamba wanawake wa Salalah wanasimama, utanichoma tena. Lakini naona afadhali unichome huku unapiga.

Nimetoa blanketi moja la Bibi kwenye begi lako. Mahali pake nimeweka kibao, nimekivingirisha kwenye shela yako ya sufi, na kisanduku nimekitia ndani ya soksi, soksi ya kijani. Waya mfupi unakwenda kwenye laptop, miwili mirefu kwenye spika. Nyimbo zako zote nimekaa nazo hizi siku tatu, nimezisikiliza moja moja, nimeziandika majina. Hiyo kazi ninaiweza. Ile ya mipasho sikuifuta. Nimeiandika jina lake kwa herufi kubwa.

Na ukija kununua kingine, siku utakapokuwa na uwezo, usimwulize anayesoma. Nenda na hedfoni zako shingoni, tafuta tundu kwanza, chomeka, fumba macho. Taa zitazame mwisho.

Nilikuwa nimeamua kuitia barua hii ndani ya soksi ile ile, uisome ukiwa huko mbali, jangwa zima liko baina yetu. Kisha nikaona huo ni ujanja wangu ule ule wa dukani, wa "nitamwambia baadaye". Kwa hiyo naiweka juu ya mto wako, na mimi nitakuwa jikoni. Barua ni yako. Ukitaka kumsomea mama yako, ambaye alitoa bangili yake, msomee. Ukitaka kumpelekea Ibtisam, na mama yake na mama wa mumewe, wapelekee, au niambie niende mimi. Nitakwenda, na nitazungumza mbele za watu, japo unajua navyokuwa. Bibi herufi hizi hazijui, itabidi asomewe kwa sauti. Nitakaa nisikilize.

Kesho pale kituoni Ruwi, Bibi atakushika bega kama kawaida yake, na atakwambia unipe shikamoo. Safari hii usitoe kwa kuwa umeambiwa. Ukikaa kimya, sitakulaumu, na nitamwambia Bibi asikulazimishe. Ukiitoa, nitaitika. Lakini kama itakuja, ije na ulimi nje, kama zamani, ili nijue ni wewe.

Gari imesimama nje. Nakusikia unamwambia Bibi akuachie huo mfuko, ni mzito. Naja kukupokea.

Mama yako mdogo,
Thuraya